Mzaha wa Mazishi Yangu

Jumanne usiku

Binti yangu Akinyi amecheka leo, na nataka kuliandika hilo kabla sijalala.

Kila nikitaka kumwambia nizikwe wapi, ananikatiza. "Ai, Baba, acha hizo. Utapona." Sitapona. Daktari anajua, mimi najua, naye anajua.

Aliniwekea podikasti kwenye simu ili nisiwe mpweke hapa mtaani Gatwekera anapokuwa saluni kwake Kawangware. Ni vijana wawili, wachekeshaji, wanaoeleza jinsi mzaha unavyoundwa. Wanasema uanze na jambo linalokuogopesha kweli, kisha unyamaze, umwachie msikilizaji nafasi. Nilifundisha shuleni miaka mingi bila kujua thamani ya kunyamaza.

Basi leo, akininywesha uji, nikasema, "Siku ya mazishi, mjomba wako Ouma asipewe maikrofoni. Akianza kuhutubia, nitaamka nimnyang'anye."

Nikanyamaza.

Alicheka hadi uji ukamwagika kifuani pangu. Halafu akalia, nami nikalia. Alipokuwa akinipangusa, akauliza mwenyewe, taratibu, "Sasa tukulaze wapi, Baba? Nyumbani, kando ya Mama?"

"Kando yake. Lakini msinisogeze karibu sana, anakoroma."

"Wee! Kwani wewe hukoromi? Mama ndiye angefaa kuulizwa."

Wale vijana wa podikasti hawanijui, wala sina nguvu za kuwaandikia. Mungu awape masikio mengi ya kuwasikiliza.

Bado naogopa. Lakini tangu leo tunaogopa wawili, na tunaweza kulizungumza jambo lenyewe.