Mkono wa Kumsuka Beryl

Mji wa Kale, Mombasa
9 Machi 2025

Mwanangu Beryl,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Hujambo? Kazi huko Doha yaendaje, na joto je? Sisi huku tu wazima, ila daktari amesema presha yangu imepanda, lazima nitoke jasho kila siku. Nikaanza kutembea. Lakini mwanangu, barabarani Ndia Kuu hapatembeki! Hatua mbili tu: "Mama Beryl, habari za asubuhi? Za nyumbani? Za binti?" Nawe huwezi kupita kama mbuzi. Unasimama, unajibu, unavutiwa kiti, unamiminiwa kahawa, kashata hiyo. Wiki mbili nimetembea na uzito umeongezeka.

Sasa nimepata dawa. Ndondi! Niliona kwenye simu wanawake wakipiga gunia nyumbani kwao. Fundi Jaffar amenitundikia langu kwenye boriti, nikalijaza mchanga pomoni. Nalipiga kila asubuhi kabla ya kwenda saluni Makadara. Raha yake usiniulize! Bi Ummukulthum mwenye nyumba analalamika kule chini kwamba chokaa inamwangukia kwenye chai. Nimemwambia afunike kikombe.

Kifundo cha mkono wa kulia kinanivuta kidogo, si neno. Bramwel wako alipita hapa akitoka bandarini, amekonda kwa kukungoja. Agosti si mbali. Kichwa chako cha harusi nitakisuka mimi, asikiguse mtu mwingine.

Mama yako,
Auma

Doha
11 Machi 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, joto bado halijaanza fujo zake. Barua yako nimeicheka hadi wanafunzi wangu wa jimu wakaniuliza kuna nini. Lakini nilipofika kwenye mchanga nikaacha kucheka. Mchanga, Mama! Mchanga hushuka chini ukashikana ukawa jiwe. Unapiga ukuta kila asubuhi.

Tafadhali umwage. Jaza vitambaa vikuukuu. Na usipige mikono mitupu. Tafuta utepe mrefu wa kitambaa: anzia kidole gumba, zungusha kifundo mara kadhaa, panda kiganjani, pita katikati ya vidole, urudi kifundoni. Juu yake vaa glavu. Ukikunja ngumi, gumba likae nje. Ngumi inapogonga, mkono uwe umenyooka tangu kiwiko, usipinde hata kidogo. Anza polepole, na ukisikia maumivu, acha.

Huko kuvutwa kidogo si "si neno," Mama. Mkono huo ndio uliotulisha sote. Hapa wasusi wapo, wazuri tu, lakini sijawapa kichwa changu. Nakungoja wewe.

Mwanao,
Beryl

Mji wa Kale
23 Machi 2025

Mwanangu Beryl,

Hujambo mama? Usishtuke, anayeandika ni Lamis, bintiye Bi Ummukulthum. Mimi nasema tu.

Nilikusikia nusu. Utepe nilifunga, vile vile ulivyosema. Mchanga niliuacha, maana Jaffar alihangaika mno kuupandisha ngazi. Na si unaujua mkono wangu? Nikifunga kitu kimefungwa. Nilikaza hadi vidole vikafa ganzi, nikasema naam, sasa niko imara, nikalitwanga gunia. Mkono ukapinda kwa ndani. Beryl, nilipiga ukelele, Bi Ummukulthum akapanda mbio na mwiko wake.

Hospitalini wamesema mfupa mzima, ila kano zimeteguka. Nisisuke mpaka waniruhusu. Rosebella ananishikia wateja saluni. Naogopa, mwanangu. Chanuo linanitoka mkononi. Nimesuka tangu usichana wangu, na kichwa chako nakiwaza tangu siku uliyoondoka. Nikishindwa Agosti nitauweka wapi uso wangu?

Mama yako

(Mimi Lamis: amelia kidogo, lakini samaki kamaliza.)

Doha
24 Machi 2025

Mama,

Shikamoo, na pole, pole sana. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mtoto hawakutuambia huvunjika nini.

Nimekaa nikawaza kwa nini mkono ulipinda. Mama, unapiga ngumi kama unavyosuka! Msusi akivuta nywele hupinda kifundo kwa ndani, na hukaza ili mistari idumu. Mkono wako haujui namna nyingine. Lakini utepe ni wa kushikilia tu, damu ipite, vidole vicheze.

Pumzika kabisa. Na harusi isikutie hofu. Rosebella atanisuka, au nitavaa wigi.

Mwanao,
Beryl

Mji wa Kale
24 Machi 2025

Wigi? Binti wa Auma msusi, mbele ya kanisa zima, wigi? Lamis amekataa kuandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nadonoa simu mwenyewe kwa kidole cha kushoto. Wigi! Na bwana harusi naye tumwazime?

Mama yako

Doha
10 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Mkono je? Tangu wigi hujaniandikia. Nikimuuliza Bramwel anacheka tu, eti amekula kiapo asiseme. Nisamehe basi, niambie unaendeleaje. Silali vizuri.

Mwanao,
Beryl

Mji wa Kale
15 Juni 2025

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, na hapa naandika kwa mkono wa kulia! Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuandikia "huenda." Nilitaka kukuandikia "tayari."

Sikiliza. Daktari aliponiruhusu kuanza tena, Bi Ummukulthum akasema gunia lile halirudi juu ya kichwa chake. Tulimwaga mchanga. Akaenda kwa mafundi cherehani akarudi na mabaki ya vitambaa furushi zima, gunia likatundikwa uani. Nikafunga utepe kama ninavyomsuka mtoto wa kichwa laini, yule anayelia ukimgusa tu. Pale ndipo nilipoelewa maneno yako. Nikapiga polepole, mkono umenyooka, na haukuuma!

Bi Ummukulthum alikuwa akinitazama na kikombe chake. Akakiweka chini. "Hebu nami." Jamani, yule mama ana ngumi! Siku hizi tu wanawake watano uani, na anayepinda mkono namkemea kwa sauti ya kufika barabarani. Presha imeshuka, daktari aliniuliza natumia nini.

Jana nimemsuka Lamis kichwa kizima, mistari myembamba. Nilipumzika kila baada ya upande, kama nilivyoagizwa. Kifundo kimya. Lamis alijitazama kwenye kioo akanikumbatia, nami nikalia kwa furaha, sikuona haya.

Njoo na nywele zako, mwanangu. Tayari.

Mama yako,
Auma

Doha
14 Septemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nilifika salama, kazi imeanza, mume wangu keshanitumia salamu mara tatu leo na bado saa sita haijafika. Desemba mkataba ukiisha narudi kwenu nyote.

Mistari yako imeota nywele, inawasha, na msimamizi wa jimu ameniambia kwa upole nifumue. Kila siku namwambia kesho. Ulipokuwa ukinisuka, ukafika ule mstari wa mwisho nyuma ya shingo, ulisimama. Nilishtuka, nikauliza kama mkono unauma. Ukasema hauumi hata kidogo, ila hutaki kumaliza.

Basi nami, Mama, sitaki kufumua.

Mwanao,
Beryl