Aliyesoma Daftari Langu

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu kasema kila mtu awe na daftari la pili, la mambo ya siku, lisilosomwa na yeyote. La kulainisha mkono. Mkono wangu umefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, haulainiki kwa penseli. Lakini naandika, asije akasema bibi mkaidi. Penseli yenyewe katoa yeye, moja moja, kama dawa.

Darasani tuko wanne, chumba cha nyuma cha maktaba: fundi cherehani, mama muuza mkaa, mlinzi mstaafu, na mimi niliyeishia la tatu. Insha ni siku usiyoisahau. Ukimaliza unampa mwenzako daftari la insha aende nalo kwake, aandike chini alichokiona na alichotamani kukiona. Mwalimu kasema kusifu tu ni uvivu, na kuponda tu ni uvivu.

Langu kachukua mlinzi. Nimeandika siku aliyokufa mdogo wangu wa kike. Mvua, kifua chake kibovu, akaanguka njiani kabla hajafika kwangu. Kurasa nne. Ndivyo tunavyojua sote.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma la mlinzi. Duka alilolinda liliungua. Kurasa mbili anaeleza tochi! Nimemwandikia: Tochi nimeiona. Wewe sijakuona. Ulikuwa wapi moto ulipoanza? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga.

Alhamisi, 6 Juni
Mlinzi kasoma maneno yangu, hakucheka. Shauri yake.

Kanirudishia langu. Kaandika kwa herufi kubwa, kama kibao cha getini: NZURI BIBI. MVUA NIMEIONA. Chini yake pana mwandiko mwingine, mwembamba, umelalia kushoto:

Mvua umeipatia, Dada. Ila aligonga mara ngapi?

Nikamwuliza mlinzi nani kakutuma. Akaapa anaishi peke yake, daftari lilikaa juu ya redio. Mwalimu naye kasema hajaligusa. Nimefuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoka manyoya.

Hapa darasani hakuna anayeniita Dada. Wote wananiita Bibi.

Jumatatu, 10 Juni
Mlinzi kaandika upya. Kasoma amesimama. Alikuwa amelala, ndugu zangu. Miaka yote alisema alikuwa upande wa pili wa jengo, kumbe alijifunika koti akalala. Fundi cherehani alitoa leso. Mlinzi akanigeukia: Bibi, ulinikera siku mbili nzima, ya tatu nikalala kama mtoto.

Nikamwambia sentensi zake bado ndefu.

Langu leo kalichukua muuza mkaa. Nilitaka kukataa. Ningesema nini?

Alhamisi, 13 Juni
Limerudi na alama ya kidole cheusi. Muuza mkaa kaandika kwamba mdogo wangu wa kwenye insha hana sura, hajui alicheka vipi, wala kwa nini hao wawili hawakuwa wakitembeleana. Nikamwambia hayo hayamhusu. Akasema, Bibi, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Darasa zima likacheka, hata mlinzi mpole.

Sikucheka, maana nilishaona ule mwandiko mwembamba chini ya alama ya kidole:

Dada, kile kitambaa ulichozibia chini ya mlango, kilikuwa cha rangi gani?

Kilikuwa cha kijani. Sijawahi kumwambia mtu habari ya kitambaa. Marehemu mume wangu hakujua. Mlangoni tulikuwa mimi na mdogo wangu tu, mmoja ndani, mmoja nje.

Jumamosi, 15 Juni
Sijatoka. Nimepika, nimeacha kula.

Mchana nimeukata ukurasa wa nne, nimeandika mwingine. Kwamba tuligombea cherehani ya mama. Kwamba niliapa hatakanyaga kwangu. Kwamba alikuja adhuhuri na mvua, akagonga mara tatu, akapumzika, akagonga tena mara tatu. Akasema, Dada, nifungulie, kifua. Nikajua anajifanya, alizoea tangu utoto. Maji na sauti vikapita chini ya mlango, nikaziba. Mvua ilipokatika walimkuta kwenye kona, hatua kumi kutoka kwangu, amegeukia alikotoka. Watu wakasema masikini, hakuwahi kufika. Nikaitikia.

Mikono inanuka sabuni ya hospitali. Nimestaafu miaka tisa.

Jumapili, 16 Juni
Daftari lilikuwa kabatini, ufunguo shingoni mwangu. Asubuhi nimelifungua nikague tahajia.

Sasa naiona, Dada. Kitambaa umekitaja, rangi umeacha. Iweke. Kisha mpe mwanangu asome.

Nimeiweka rangi.

Jumatatu, 17 Juni
Mwalimu kaagiza msomaji wa mwisho awe mtu wa nyumbani. Mimi ninaye mmoja, binti wa marehemu mdogo wangu. Nilimchukua ana miaka minne. Hakujua kulala bila kushika sikio langu. Sasa ni muuguzi, ana watoto wake wawili, na kila akitambulishwa mahali husema huyu Mama Mkubwa ndiye aliyebaki akanifungulia mlango. Husema hivyo hasa.

Kapita saa tisa akitoka zamu, mikono mitupu, mkoba kaacha kazini. Nilitaka kusema insha haijaisha. Nikampa.

Akasema, miaka yote unanisahihisha mimi, Mama Mkubwa, leo zamu yangu. Nikuandikie na maksi? Nikamwambia akae chumbani, asome polepole, asinisemeshe mpaka amalize. Akaniomba penseli. Nikasema iko moja nyumba nzima, asubiri.

Niko jikoni. Mlango wa chumbani ameurudishia. Mwanzoni alikuwa anacheka, nimeandika mama yake alivyokuwa anaiga kikohozi cha mwalimu mkuu. Muuza mkaa alitaka sura, nikaiweka. Ukurasa wa pili. Wa tatu. Nahesabu anavyofunua.

Kaingia wa nne.

Kiti hakilii. Nimemwita, kwa jina lake, hajaitika. Mvua imeanza, na hakukuwa na wingu.

Sasa anaandika. Naisikia penseli kwenye karatasi, nyepesi, haina haraka.

Ya kwangu ninayo hapa mkononi.