Beya alipoita kwenye foni

Kindu, 9 Machi

Dada yangu Claire, binti wa shangazi,

Pokea salamu huko Lubutu. Miguu hainibebi tena, ndiyo maana nakuandikia badala ya kuja. Mjukuu wangu Chérie ameweka dukani kisanduku kinachobeba simu na intaneti pamoja, na wateja hawaishi. Kimenikumbusha foni, redio niliyotumia kuwaunganisha watu na ndugu zao wa mbali wakati wa vita.

Unajua, kila aliyekuwa chumbani alisikia maneno yote. Siku moja mumeo Beya aliita kutoka Lubumbashi, akiniita kaka mkubwa kama kawaida yake: "Yaya, Claire iko pale? Muniitie ye!" Waasi watatu walikuwa wameketi kando yangu. Niliogopa wangejua kwamba mumeo yuko upande wa serikali, wakufuate nyumbani. Nikajibu: "Claire alienda na bwana mwingine. Usiite tena."

Hiyo ilikuwa hofu. Lakini mwezi uliofuata aliita tena, nami nilikuwa peke yangu. Nikarudia uongo uleule kwa kuona aibu kukiri kwamba nilimdanganya. Ukalia miaka mingi ukisema amekutupa, na mimi ndiye niliyekufariji.

Juzi nilimwomba Chérie amtafute Beya kwa simu. Aliyepokea ni binti wa Beya. Akaniambia baba yake alifariki mwaka juzi. Binti akaniuliza: "Babu, unamujua Claire? Papa alikuwa anamutaja mpaka mwisho." Nikasema simjui, nikakata.

Namba ya binti huyo nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie wewe. Mimi nimeshindwa mara tatu.

Ndugu yako,
Ngoyi