Kuku Aliyefukuza Posa

Kampemba, Lubumbashi

Dada Nafisa mpendwa,

Assalamu alaikum. Hamjambo huko Kindu? Mguu wa shemeji umepona? Sisi ni wazima, ila Baba hasemi nami, na Mama anasema nami mno. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu Mama huisoma kabla yangu.

Unamkumbuka yule kuku mdogo wa plastiki ambaye mwanao Bilal alimsahau kwetu? Nimemtia taa. Si unajua sasa mimi ni fundi wa redio na simu sokoni! Nilimtoboa macho, nikapachika LED nyekundu nilizozitoa kwenye redio iliyokufa, na tumboni nikamwekea betri na kidude kinachohisi giza. Mwanga ukiondoka, macho yanawaka yenyewe. Mama alimpanga kabatini kati ya vikombe vya wageni, akajisifia kwa majirani wote.

Basi Ijumaa wakaja watu wa posa. Mwenye kuoa, Amadi, dereva wa lori kule mgodini Kinsevere, alikuwa nao. Sikuwa nimemwona, wala sikutaka kumwona. Baba alikwisha kukubali moyoni. Ningekataaje bila kumvunjia heshima? Mama alifunga mapazia yake mazito ili majirani wasihesabu wageni, akawasha taa. Mimi, kama desturi, nikabaki jikoni.

Walipoinua mikono kusoma Fatiha, umeme ukazimika. Kabatini yakawaka macho mekundu. Shangazi yake Amadi, Mama Amida, akapiga kelele kwamba nyumba ina jini, akatoka mbio na kiatu kimoja, wenzake wote nyuma yake. Ameapa harudi.

Sasa Dada, nisikilize bila kunigombeza. Umeme haukukatika. Niliuzima mimi, kwenye ile disjoncteur, swichi kubwa iliyo nyuma ya mlango wa jikoni.

Jumapili Amadi akaja peke yake kuchukua kiatu cha shangazi. Alishika kilori cha plastiki, cha njano. Mama alipoingia ndani kukitafuta kiatu, Amadi akaniambia kwa upole: “Ramla, ile siku nilisikiaka disjoncteur inafanya tak. Nilinyamaza. Sasa hii camion yangu haiko na phares. Unaweza kuitia?”

Nimeitia taa, nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Nikawa nachomoa waya na kuuchomelea tena, ili tu asiondoke upesi. Dada, nampenda. Naona haya kuandika, lakini nampenda, na aliyemfukuza ni mimi.

Njoo, tafadhali. Mama Amida anakuheshimu tangu zamani, wewe atakusikiliza. Mwambie kuku ni mchezo wa Bilal. Huo si uongo. Ya swichi yaache. Amadi ameniomba jambo moja tu: wakirudi, nisibaki jikoni.

Msalimie sana shemeji. Bilal mwambie kuku wake mzima. Mama amemfungia sandukuni kwa hasira, na humo gizani macho yanawaka kutwa kucha.

Mdogo wako akupendaye,
Ramla