Dume wa Ng'ambo ya Kijito

Jumatatu, 15 Aprili 2019

Msimu wa kuwinda bata mzinga wa mwituni umefunguliwa! Mimi na Baba tumekaa chini ya mwaloni tangu alfajiri, kupe wakitutafuna. Baba anakwaruza kifuniko cha kile kisanduku chake cha mbao cha kuitia ndege — utaapa ni jike halisi analia. Masikio ni mimi. Mwaka huu hasikii tena mlio wa mbali, na vifaa vya kusikia kavitupa drooni. Dume akijibu, namgusa Baba goti.

Kajibu mara nyingi. Lakini kabaki ng'ambo ya kijito. Kwa nini havuki?

Jumanne, 16 Aprili

Nimenunua majike wawili wa plastiki. Baba kacheka hadi akakohoa, akaniuliza: Midoli, Corliss? Utawapikia na chai?

Nikamwambia: dume anamsikia jike, hamwoni. Lazima aone anachokisikia.

"Haya, profesa."

Alhamisi, 18 Aprili

Midoli imefanya kazi — nusu. Dume kavuka! Kifua mbele, mkia wazi kama feni, anawajia moja kwa moja. Baba akaita tena. Dume akasimama tuli, shingo juu. Akageuka, akaenda zake.

Kawaona. Kawasikia. Sasa kashtuka nini? Baba anasema plastiki inang'aa. Mimi nimewaza hadi nikaunguza maharage.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimejua!

Nilimwacha Baba kibarazani akiita, nikaenda kusimama mbali naye kadiri ile midoli inavyokaa mbele yetu. Makelele gani yale! Anakwaruza kwa nguvu zote kwa sababu mwenyewe hajisikii. Kwa dume aliye mbali ni sawa. Akikaribia, anaona majike kimya kama mawe, huku kichaka tunamojificha nyuma yao kinapayuka. Hata mimi ningekimbia.

Nikamwambia mezani. Sikujua namna ya kulipamba.

"Baba, unaita kwa sauti kubwa mno."

"Nani kasema?"

"Yule dume."

Hakucheka. Kaacha kambare wake nusu, katoka nje na mbwa wetu. Miaka hamsini na kitu anaita ndege — nami namwambia hivyo huku natafuna!

Jumamosi, 20 Aprili



Naandika hapa hapa kichakani, kwa penseli. Midoli iko mbele yetu. Baba kaita mara moja, kwa nguvu. Dume kavuka kijito. Sasa yuko nyuma ya mierezi, simwoni, lakini namsikia akikanyaga majani.

Baba kaniwekea kisanduku mapajani.

"Haya. Mnong'oneze wewe."

Mimi! Sijawahi kumwita hata kuku.

Nimekwaruza kidogo. Kimelia kama mlango wa kabati. Aibu!

Kimya.

Kajibu! Karibu kabisa — nimehisi kifuani. Nimemwonyesha Baba kwa kidole: pale. Kainua bunduki polepole.

Niite tena, au niiachie midoli imalize? Namwuliza kwa macho. Anainua mabega. Hajui. Bunduki iko tayari, na Baba ananitazama mimi, anasubiri nimwambie la kufanya. Naweka penseli chini.