Sabra Hakuwa wa Kwanza

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla mume wangu hajachinja.

Mimi ni mkulima wa korosho hapa Mahurunga, na mwanangu Sabra ana miaka minane, mwalimu wake akasema ni mzito, basi nikampeleka Mtwara mjini kwa dada mmoja anaitwa Veronika, mtaalamu wa kupima akili za watoto, akamwuliza maswali mengi, kisha akamtajia tarakimu azirudie kinyumenyume, Sabra akawa anachungulia dirishani, akamsomea maneno kumi, akakumbuka mawili, mimi nyuma jasho linanitoka nikaanza kumnong'oneza majibu mpaka nikatolewa nje, na mwisho yule dada akanieleza mengi kuhusu umakini lakini sikushika hata moja maana nilikuwa nawaza nitamwambia nini baba yake, na nilipofika nyumbani Nassoro akauliza, "Vipi?" nikajikuta nasema, "Kawa wa kwanza," ripoti nikaificha chini ya godoro, naye akatangaza msikitini, sasa Ijumaa anachinja mbuzi, wageni wanatoka hadi Nanyamba, na wanataka Sabra awapigie hesabu hadharani. Nitoroke?

Salma, Mahurunga

Salma, marahaba. Barua yako imenifikia Jumatatu, Ijumaa imeshapita. Nikapiga namba uliyoandika, akapokea mumeo.

"Kama ni habari za kipimo," akasema, "ripoti niliikuta Jumatano. Nilishatangaza, ningefuta vipi?"

"Na zile hesabu?"

"Niliwaambia wageni mtoto ana mafua."

Kwa hiyo mmekula mbuzi mzima huku kila mmoja akimficha mwenzake jambo mnalolijua wote.

Nilimwomba anisomee. Veronika ameandika wazi: umakini wa Sabra hukatika haraka, na ukikatika, kumbukumbu na hesabu nazo huonekana ndogo kuliko zilivyo. Maswali ya mwanzo, kabla hajachoka, aliyajibu kama mtoto wa miaka kumi. Anataka apimwe macho na masikio, kisha arudie kipimo kidogo kidogo. Hayo uliambiwa ana kwa ana, ukatoka bila kushika kitu kwa sababu akili yako ilikuwa kwa Nassoro. Na wewe tukuite mzito?

Najua uliogopa. Lakini usimpe mtoto cheo cha uongo. Leo hii kaa na mumeo mseme yote. Wiki hii mpelekeni hospitali, kisha kwa Veronika, na nyote wawili mbaki nje. Halafu mwelezeni Sabra kwa maneno mepesi kinachoendelea, maana katika nyumba yenu ni yeye peke yake ambaye hajamdanganya mtu.