Baiskeli Kando ya Zuhura

Jumamosi, 8 Februari

Maili kumi leo. Zuhura binti yangu kwa miguu, mimi juu ya baiskeli. Kutoka nyumbani Stratford, kando ya Mto Lea, na kurudi. Wiki ya tatu tangu daktari anipige marufuku kukimbia. Goti limekwisha, kasema, utadhani anazungumzia mkate. Miaka kumi na moja nimekimbia na binti yangu kila Jumamosi, na miaka yote hiyo nikiwacheka waendesha baiskeli. Watu wazima wamekaa kitako, eti wanamichezo.

Leo matako yananiuma, chakula nimekula wima. Hujafa hujaumbika.

Jumatano, 12 Februari

Ubishi kazini. Otieno, mwenzangu wa kituo cha treni, kashikilia kwamba baiskeli ni ngumu kuliko mbio: upepo, vilima, saa nyingi. Nikamwambia baiskeli ukiacha kupiga pedali inakwenda yenyewe. Mkimbiaji akiacha kukimbia, amesimama.

Lakini lipo jambo sikumwambia. Baiskeli inataka kukimbia. Ukiizuia iende mwendo wa mtu aliyechoka, inayumba, mikono inaingia ganzi, kiuno kinawaka. Hakuna gumu kama hilo. Nalifanya kila Jumamosi, na sitaki kuliacha. Aprili Zuhura anakimbia marathoni yake ya kwanza. Nataka kuwa karibu naye mpaka siku hiyo.

Jumamosi, 15 Februari

Maili kumi na sita. Siku mbaya.

Maili ya kumi na tatu Zuhura akaanza kuchechemea. Machozi yakamtoka. Nikamwambia, "Pole, mwanangu. Pole, pole." Baba atasema nini kingine?

Akasimama katikati ya njia. "I know I'm slow, Dad! You don't have to keep saying it!" Eti anajua hana mbio, niache kumkumbusha.

Akaniambia nirudi nyumbani. Maili ishirini za wiki ijayo atakwenda peke yake. Nikarudi. Upepo ulikuwa wa nyuma, hata pedali sikupiga. Nimeumia. Sijui nimekosa nini.

Jumanne, 18 Februari

Rukia, mke wangu, kafumbua fumbo. Kazungumza na mwanawe.

Mtoto hakuwahi kujua kwamba "pole" ni neno la kumhurumia mtu. Yeye analijua "polepole" tu, la kwenye fulana za watalii anazoletewa na shangazi yake kutoka Unguja. Mama yake humwambia "masikini mwanangu", hakuna matata. Mimi ndiye wa pole.

Kumbe tangu mdogo! Alipoanguka shuleni: pole, pole. Alipofeli mtihani wa udereva: pole, pole. Alipoachwa na yule mchumba wake: pole, pole. Kila alipoumia, kasikia baba anamwambia apunguze mwendo. Na mimi nikijisifu mbele za watu kwamba nimemlea kwa Kiswahili hapa ugenini. Ananijibu kwa Kiingereza, nami naridhika kwamba kaelewa.

Nimecheka. Kisha nimelia, Rukia akanifungia mlango wa jikoni nilie vizuri.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemweleza Zuhura, kwa Kiingereza changu cha kutangazia treni. Kasema, so it means sorry. Nikamwambia hapana, sorry ni ya mtu aliyekosa. Mimi sikukukosea. Nilikuwa naumia pamoja nawe.

Kachukua chai yake akapanda chumbani. Keshokutwa ndiyo maili ishirini. Sijaalikwa, na kuomba naona haya.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeamka nikakuta baiskeli yangu imeegemezwa mlangoni, magurudumu yamejazwa upepo. Zuhura nje, anafunga kamba za viatu. Hakusema nije. Hakusema nisije. Nikachukua kofia yangu.

Baridi, mto umetulia. Maili kwa maili bado nasema mbio ni ngumu zaidi. Saa kwa saa, sina hakika tena.

Maili ya kumi na saba akaweka mkono begani mwangu. Hakuegemea, aliuweka tu. Baiskeli ikayumba, nikaituliza. Nilimwona usoni jinsi anavyoumia. Neno lilikuwa mdomoni. Nikaogopa, nikalimeza.

"Say it, Baba," kasema.

Nikalisema. Akaongeza mwendo.